Nagelmackers, jamaa aliyetaka ulale Paris uamke nchi nyingine

Sema umeshapata viza ya Schengen (hiyo ni stori ya siku nyingine kabisa) na uko zako Paris. Unataka kwenda Vienna, kisha Budapest, kwa treni. Utafanya nini? Utatoa simu, utaandika majina ya miji, utalinganisha bei, utalipa. Tiketi itaingia kwenye baruapepe kabla chai yako haijapoa. Mipaka utakayovuka huenda hata usiione. Utashtukia tu mabango ya stesheni yamebadilisha lugha.

Kuna mtu alihangaika sana ili safari kama hiyo iwezekane. Anaitwa Georges Nagelmackers, Mbelgiji. Huenda jina lenyewe ni geni kwako, lakini treni yake unaijua: Orient Express, ile ya riwaya ya Agatha Christie ya mwaka 1934, ile ambayo filamu zake hazijaisha kutengenezwa. Watu hukumbuka mauaji ya kubuni yaliyomo kitabuni. Mimi naona maisha ya mwenye treni yana uhondo zaidi, kwa sababu hakumiliki reli wala injini hata moja ya kuivuta treni hiyo. Alimiliki mabehewa, vitanda, sahani, na rundo la mikataba.

Ili uelewe kwa nini mikataba ndiyo iliyokuwa kazi yenyewe, hebu tupange safari hiyo hiyo kama tuko mwaka 1870.

Simu hakuna. Unanunua kitabu kinene cha ratiba. Waingereza walikuwa na kile cha Bradshaw cha reli za bara Ulaya, kilichoanza kuchapishwa 1847. Unakaa chini na penseli. Kila kampuni ya reli ina treni zake, nauli zake, na hata saa yake. Ndiyo, saa. Wakati huo miji mikubwa ilifuata jua lake yenyewe. Paris ikiwa saa sita kamili mchana, Munich ilikuwa saa sita na dakika kama 37, na Budapest ilikuwa imeshapita saa saba kwa dakika kama 7. Ukikosea hesabu hiyo, treni ya kuunganisha imeshaondoka na wewe unabaki stesheni ukikodoa macho.

Na ukishapanda? Mabehewa mengi hayakuwa na korido. Kila chumba kilikuwa na mlango wake wa kutokea nje moja kwa moja. Choo hakuna. Treni inasimama dakika chache stesheni. Hapo uchague mwenyewe kati ya kula na kujisaidia. Msimu wa baridi unapewa kopo la bati lenye maji ya moto uwekee miguu. Kulala ni kukaa wima huku kichwa kikigonga dirisha. Halafu katikati ya usiku, mpaka: shuka, forodha wafungue masanduku, panda treni nyingine. Kama umewahi kuamshwa Malaba saa nane usiku ukiwa kwenye basi la Kampala, hali hiyo unaijua. Ongezea tu theluji.

Nagelmackers alizaliwa 1845 mjini Liège, eneo la makaa ya mawe na chuma mashariki mwa Ubelgiji. Familia yake ilikuwa ya wenye benki, watu waliojulikana mpaka ikulu. Alisomea uhandisi. Kwa hivyo tusidanganyane, huyu hakuanza na njaa. Shida yake ilikuwa ya moyo. Alimpenda binamu yake aliyemzidi umri, na dada wa watu hakumtaka. Jamaa zake wakaona dawa ni kumpeleka mbali akasahau. Mwaka 1867, akiwa na miaka 22, akapanda meli kwenda Marekani na kuzunguka huko karibu miezi kumi.

Huko ndiko alikokutana na mabehewa ya George Pullman. Mchana ni viti, usiku vinageuzwa vitanda, pazia linavutwa, watu wanalala. Waliotandika vitanda hivyo walikuwa wanaume weusi, wengi wao wametoka utumwani juzi tu, maana utumwa Marekani ulifutwa 1865. Abiria weupe walizoea kuwaita wote George, jina la bosi wao, kama vile watumwa walivyoitwa kwa jina la mwenye shamba. Ni jambo la kuuma ukilifikiria, na linaonyesha raha ya safari ile ilibebwa na nani. Georges wetu alisafiri katikati ya hayo yote, na kilichomnasa kichwani ni kitanda.

Aliona mambo mawili. La kwanza, Pullman alilaza wanaume na wanawake kwenye ukumbi mmoja mrefu, pazia ndilo ukuta. Alijua matajiri wa Ulaya hawangekubali. Wao wangetaka chumba chenye mlango. La pili ndilo lililokuwa zito. Behewa la Pullman lilifungwa kwenye treni ya kampuni moja, likafunguliwa, likafungwa kwenye treni ya kampuni nyingine, na abiria akaendelea kukoroma. Kwa nini Ulaya isifanye hivyo?

Jibu ni kwamba Marekani ilikuwa nchi moja. Ulaya ilikuwa falme na dola zilizoangaliana kwa jicho baya, na reli zilikuwa njia ya kupeleka wanajeshi mpakani haraka. Kumwomba mkuu wa reli ya Prussia avute behewa lililotoka Ufaransa halikuwa ombi dogo.

Aprili 1870 Nagelmackers alichapisha mpango wake kwenye kijitabu. Mpango ulikuwa rahisi kwenye karatasi, na kusema kweli ni wa kijanja. Kampuni za reli zingevuta mabehewa yake na kubaki na nauli ya kawaida ya daraja la kwanza. Yeye angechukua ile ziada tu ambayo abiria analipia kitanda. Reli zinapata behewa la kisasa bila kulijenga, yeye anapata njia bila kuimiliki. Paris hadi Berlin ilikuwa miongoni mwa safari alizoziwazia.

Julai mwaka huo huo Ufaransa na Prussia zikaingia vitani.

Fikiria uko kwenye viatu vyake. Una miaka 25, umeandika mpango wa kuunganisha Paris na Berlin, na majeshi ya pande hizo mbili yanauana kando ya reli. Vita vilipoisha 1871 Ufaransa ilikuwa imepoteza Alsace na sehemu ya Lorraine, na chuki ilikuwa mbichi. Kijana yeyote mwenye busara angerudi kwenye benki ya familia na kuhesabu pesa za watu. Yeye Oktoba 1872 akaandikisha kampuni yake Liège, akiwa na mabehewa machache ya kulala, na akaanza kubisha milango.

Kampuni za reli zilimpa mikataba ya majaribio, ya muda mfupi, kama mtu anayekupa kazi huku ameshika mlango. Pesa zikaanza kukauka. Mwaka 1873 soko la hisa la Vienna likaporomoka, na wawekezaji wakafunga mifuko. Hapo ndipo akajitokeza mshirika wa ajabu: William d'Alton Mann, kanali wa Marekani aliyepigana Gettysburg upande wa Kaskazini, mwenye ndevu, maneno mengi na pesa. Mann naye alikuwa na mabehewa yake ya kulala yenye vyumba vya faragha. Wakaungana, na jina lililopakwa kwenye mabehewa likawa la Mann. Nagelmackers akameza kiburi na kufanya kazi.

Mann alijua kupiga debe. Mwaka 1874 mwana wa Malkia Victoria, yule aliyekuja kuwa Mfalme Edward wa Saba, alisafiri kwa behewa lao kwenda St Petersburg kwenye harusi ya ndugu yake. Tangazo gani linashinda hilo? Hata hivyo ushirika wenyewe haukudumu. Mwaka 1876 Nagelmackers alimnunua Mann akatoka. Kanali alirudi Marekani na baadaye akawa mwenye gazeti la umbea New York, akashutumiwa kwamba anawatoza matajiri pesa ili asiwaandike. Kuna washirika unaowashukuru kwa walichokufanyia na kushukuru zaidi walipoondoka.

Desemba 1876 kampuni ikazaliwa upya Brussels kwa jina lililodumu: Compagnie Internationale des Wagons-Lits. Jina la kwanza kwenye orodha ya wenye hisa lilikuwa la Mfalme Leopold wa Pili.

Najua umesimama hapo. Ndiyo, ni huyo huyo. Septemba mwaka huo huo, katika mji huo huo, Leopold alikuwa amekusanya wanajiografia na wasafiri kwenye mkutano uliompa kisingizio cha kuingia Kongo. Miaka tisa baadaye nchi nzima ilikuwa mali yake binafsi, na unajua kilichofuata: mpira, viboko, mikono iliyokatwa. Nagelmackers hakuwa Kongo. Lakini alihitaji jina litakalofungua milango ya ikulu, maana reli nyingi Ulaya zilikuwa chini ya serikali, na wafalme wale walikuwa ndugu na mashemeji. Jina la Leopold lilifanya kazi hiyo. Mimi siwezi kuyasoma maisha ya jamaa huyu bila kusimama kwenye ukurasa huo, na sidhani inafaa wewe uuruke.

Sasa mambo yakafunguka. Kampuni ikaweka mabehewa ya chakula, ili abiria asikimbizane na supu ya moto stesheni. Oktoba 1882 ikafanya safari ya majaribio Paris hadi Vienna, treni nzima ikiwa ni ya vitanda na mgahawa. Ikawezekana. Kisha ikaja kazi ngumu, kuifikisha Constantinople, mji tunaouita leo Istanbul.

Orodha ya waliotakiwa kukubali inachosha hata kuisoma. Reli ya Mashariki ya Ufaransa. Reli za Alsace-Lorraine, ambazo sasa zilikuwa za Wajerumani. Baden. Württemberg. Bavaria. Austria. Hungary. Romania. Kila mmoja na saa yake, ratiba yake, wakuu wake na heshima yake ya kuguswa. Treni ikichelewa Stuttgart, ni kosa la nani? Nani analipa? Injini ya nani inasubiri Munich na kwa muda gani? Nagelmackers na watu wake walizunguka na makaratasi hayo hadi yakatiwa sahihi. Abiria akapata kitu kimoja: kiti cha daraja la kwanza, kitanda, na kondakta anayeshika tiketi na karatasi zake ili asiamshwe usiku.

Jioni ya Oktoba 4, 1883, treni ya uzinduzi ikaondoka Paris kwenye stesheni inayoitwa leo Gare de l'Est. Ilibeba watu wapatao arobaini, wengi wakiwa wageni waalikwa: maofisa wa reli, wanadiplomasia, na waandishi. Miongoni mwao alikuwa Edmond About, mwandishi Mfaransa, na Henri de Blowitz wa gazeti la Times la London. Nagelmackers alijua mtu unayemlisha vizuri kwa siku kadhaa ataandika. Baadhi ya wasafiri walibeba bastola, maana Balkani ilikuwa na sifa mbaya. Wanawake hawakuwemo kutoka Paris. Wawili walipanda Vienna.

Ukidhani kila kitu kilikwenda sawa, sikiliza. Hawajamaliza hata Bavaria, ekseli ya behewa la chakula ikashika moto, na behewa likabadilishwa Munich. Huko Hungary wanamuziki wakapanda na kupiga kwenye treni ikiendelea na safari, mpaka wapishi nao wakajiunga. Nchini Romania wageni wakashushwa Sinaia ili wakamsalimu Mfalme Carol kwenye kasri lake jipya la Peleș. Mvua ikanyesha. Mabwana wa Paris wenye viatu vya kung'aa wakapanda mlima kwa miguu, kwenye tope.

Na reli? Reli iliisha. Watu husahau jambo hili wanapoitaja Orient Express ya kwanza. Pale Giurgiu, kwenye mto Danube, treni ilisimama na abiria wakavuka kwa feri hadi Ruse, Bulgaria. Wakapanda treni nyingine, ya kawaida kabisa, hadi Varna kwenye Bahari Nyeusi. Kutoka hapo wakaingia meli iliyowafikisha Constantinople. Safari nzima ilichukua zaidi ya siku tatu. Treni maarufu kuliko zote duniani ilifika mwisho wa safari kwa meli, na abiria wakiwa wametapika.

Unaweza kucheka, lakini angalia alichofanya. Hakusubiri reli ikamilike. Aliuza safari yenye feri na meli ndani yake, akaipangia ratiba, na kuiacha njia imfuate. Ilimfuata. Mwaka 1888 reli za Balkani ziliunganishwa, na kiangazi cha 1889 treni ikaondoka Paris na kufika Constantinople bila abiria kushuka, siku zisizotimia tatu.

Hatari hazikuisha. Mwaka 1891 majambazi walifungua reli magharibi mwa Constantinople, treni ikaanguka, wakapora abiria na kuondoka na mateka hadi fidia ikalipwa. Wateja hawakupungua. Nadhani wengine walikata tiketi kwa sababu hiyo.

Kufikia hapo alikuwa ameshatandaza vitanda kila upande. Mwaka 1887 alianzisha Sud Express ya kwenda Madrid na Lisbon, na 1896 Nord Express ya kwenda St Petersburg. Njia hizi mbili zilimgonga kichwa kwa tatizo ambalo mkataba hauwezi kulitatua. Reli ya Ufaransa na Ujerumani ina upana wa milimita 1,435 kati ya vyuma viwili, upana ule ule wa SGR yetu ya Mombasa. Uhispania na Urusi walijenga reli zao pana zaidi. Behewa la Paris haliwezi kupita, hata wafalme wakubaliane vipi. Suluhisho lake lilikuwa la kawaida tu: treni mbili zinazofanana, moja kila upande wa mpaka. Abiria anashuka, anavuka jukwaa, na upande wa pili anakuta vitanda vile vile na huduma ile ile. Ukipanga safari ya Ufaransa hadi Uhispania leo kwa reli za zamani, bado utashuka mpakani kwa sababu hiyo hiyo.

Halafu akaona watu wakifika wanahitaji pa kulala, akaanzisha kampuni ya hoteli mwaka 1894. Pera Palace ya Istanbul, ambayo bado inapokea wageni, ilikuwa ya kuwapokea abiria wa treni yake. Kwenye Maonyesho ya Dunia ya Paris mwaka 1900 alileta mabehewa ya safari ya Siberia, akayasimamisha, na nje ya madirisha ikapitishwa michoro mirefu inayosogea. Watu wakakaa, wakala, na kuona Urusi na Uchina zikipita bila kuondoka Paris. Mwaka huo huo, kwenye mashindano ya michezo ya Paris yaliyohesabiwa kuwa ya Olimpiki, alishinda mbio za kuendesha gari. Gari la farasi wanne. Mtu aliyetumia maisha yake kuyastaafisha magari ya farasi.

Alifariki Julai 1905 huko Villepreux, karibu na Paris, akiwa na umri wa miaka 60.

Kampuni iliendelea. Mwaka 1914 ilijengewa behewa la chakula lililopewa namba 2419. Asubuhi ya Novemba 11, 1918, kwenye msitu wa Compiègne, Wajerumani walitia sahihi ndani yake ya kusitisha Vita vya Kwanza vya Dunia, na behewa likawekwa kwenye jumba la makumbusho hapo msituni. Juni 1940 Hitler aliagiza litolewe, ukuta ukavunjwa, likaburutwa hadi mahali lilipokuwa limesimama 1918, na safari hii Wafaransa ndio waliotia sahihi. Kisha likapelekwa Berlin.